Manometa tatu ku pompi moja, namba tatu tofauti. Tuamini gani?

mwana_Lushi (Lubumbashi)

Jambo bandugu, jambo bamukubwa ba fizika. Niko mu Lushi, tuko na TP (kazi ya mikono ya labo) ya kupitisha umeme mu hewa ya presha ya chini, ile tiyo ya kioo yenye inawaka rangi ya waridi ukiitoa hewa, na kuko jambo linatuchosha kichwa promo nzima (darasa letu lote).

Pompi ni moja tu, ya kuzunguka, ya mafuta, ya etaji moja, ni ya zamani lakini inalia vizuri. Juu yake tumefunga vipimo tatu kwa sababu asistanti alisema tutumie byenye biko. Cha kwanza ni manometa ya sindano, ile ya kutoka 0 mpaka -1 bari. Cha pili ni Pirani, kasanduku ka dijitali na sensa yake. Cha tatu ni likitu la kioo lenye zebaki ndani, ku ubao yake kumeandikwa McLeod, ilikuwa imelala mu kabati sijue tangu miaka gani, mutu wa stoki alikataza tuiguse, asistanti akasema guseni tu lakini pole pole.

Sasa muone. Tunawasha pompi, tunangoja, sindano inashuka mpaka -0,87 inakwama pale, hata uigonge na kidole haitoke. Pirani inasema 0,4 mmHg (milimita za zebaki). McLeod, tukiinua zebaki, inasema 0,03 mmHg. Kama minaamini sindano basi ndani kumebaki bari 0,13, hiyo ni karibu 100 mmHg, na mu 100 mmHg ile tiyo yetu haiwezi kuwaka vile, lakini inawaka muzuri kabisa! Halafu Pirani na McLeod zimeachana mara zaidi ya kumi na zote ziko ku tiyo moja, robine moja, hewa moja.

Bamoja banasema pompi imekufa, bengine banasema McLeod ni ya zamani sana tuiache, na kuko mumoja anasema tufanye avareji ya zote tatu. Avareji!! Tafazali, mwenye anajua atuambie tuandike namba gani mu rapoti.

---

frigo_Birere (Goma)

Mdogo wangu pompi yako haijakufa, na uache kupiga ile sindano ya watu na kidole.

Mi niko fundi wa frigo na klimatizeri, hii ya sindano naijua sana. Manometa ya vile ndani yake kuko katiyo ka shaba kenye kamekunjwa, presha ikibadilika kananyooka ao kanajikunja, na sindano inafwata. Lakini hako katiyo kamezungukwa na hewa ya inje. Kwa hiyo haijue vakyumu (mahali hewa imetolewa) ni nini, yenyewe inajua paka tofauti ya ndani na ya inje, basi. Hiyo -1 ya mwisho waliiandika juu ya watu benye kukaa karibu na bahari, kule hewa ni bari 1,013. Weye uko Lushi, ni zaidi ya metre 1200 juu, hewa yenu ni bari 0,87 hivi. Ukitoa hewa yote mpaka ibaki hakuna kitu, sindano itasimama -0,87. Haina pa kwenda tena, imeshafika chini kabisa! Hapa Goma, huku kando ya ziwa, tuko karibu metre 1500, yangu inasimama -0,85 na kila mara kuko mteja anaangalia anasema fundi haujamaliza kazi, unaniibia.

Na usiende kuangalia meteo ku telefoni ikakuambia 1015 ukasema frigo_Birere ni muongo. Ile ya meteo wanairudisha kwa hesabu mpaka usawa wa bahari ili miji yote ilingane. Kama telefoni yako iko na sensa ya barometa ya kweli, tafuta programu yenye kusoma sensa yenyewe, itakuonesha 870 na kitu.

Tena sindano hata ingekuwa nzuri namna gani, kati ya 1 mmHg na 0,01 mmHg haiwezi kuona tofauti, ni unene wa sindano yenyewe. Sisi kwa klimatizeri tunashuka mpaka mikroni 500, hiyo ni 0,5 mmHg, na hapo tunatumia kipimo cha dijitali cha waya, sindano tunaiangalia tu kujua kama mutu hajasahau robine wazi.

Hiyo ya 0,4 na 0,03 sasa, hapo mi nawaachia bale ba masomo. Lakini fanya kitu kimoja: funga robine ya upande wa pompi, angalia Pirani inapanda vipi. Ikipanda halafu ikasimama mahali, ndani mko maji. Ikipanda bila kusimama, uko na tundu.

---

kijana_Katuba (Lubumbashi)

Njo mi nilisema ile ya kioo muiache. Ni kitu cha 1874 bandugu, wakati ule ata ndege haikuwako. Dijitali njo ya kweli, Pirani imesema 0,4 mwandike 0,4 muende kula.

---

mwl_Kadutu (Bukavu)

Ndugu wa Katuba, taratibu. McLeod ni ya 1874 kweli, Herbert McLeod, Mwingereza. Lakini hiyo Pirani unayoiita dijitali nayo si mtoto: Marcello Pirani aliitoa 1906, alikuwa Siemens & Halske huko Berlin, kwenye kiwanda cha taa za umeme. Kilicho kipya ni kile kioo cha namba tu. Ndani ni waya ule ule unaopashwa moto, na hewa inayouzunguka inaupoza. Hewa ikipungua waya unapozwa kidogo, mashini inasoma hiyo tofauti. Yaani Pirani haijawahi kupima presha hata siku moja. Inapima namna waya unavyopoteza joto, halafu kiwanda kiliifundisha kwa nitrojeni au hewa kavu kwamba ukiona joto hili sema presha hii.

Sasa McLeod. Mwana_Lushi, naomba mkae nayo muielewe maana ni chombo cha adabu sana, mimi nilifundishwa nayo na bado naiheshimu. Presha ndogo hauwezi kuiona kwa macho, kwa hiyo McLeod alisema tuikamate hewa nyingi, tuibane iwe kidogo sana, presha ipande mpaka tuione kwa rula, kisha turudi nyuma kwa hesabu. Ni sheria ya Boyle basi, ile ya sekondari: ukiibana hewa iwe nusu, presha inakuwa mara mbili.

Chukua mfano. Tumbo la kioo ni 100 cm³, juu yake kapilari (mrija mwembamba sana wa kioo) iliyofungwa yenye tundu la 1 mm. Ukiinua zebaki inakata njia, hewa iliyo ndani ya tumbo imenaswa. Unaendelea kuinua mpaka zebaki ya kapilari ya pembeni ifike usawa wa mwisho wa kapilari iliyofungwa. Tuseme ndani ya iliyofungwa kumebaki 10 mm tu za hewa. Eneo la tundu ni 0,785 mm², kwa hiyo hewa iliyokuwa kwenye 100000 mm³ sasa imekaa kwenye 7,85 mm³, imebanwa mara 12700 hivi. Na presha yake sasa unaisoma kwa rula, ni ile tofauti ya zebaki, 10 mm. Gawanya 10 kwa 12700 unapata karibu 0,0008 mmHg. Umepima kitu kidogo hivyo kwa rula na kioo! Na kama zingebaki 20 mm jibu si mara mbili, ni mara nne, karibu 0,003, ndiyo maana mistari ya ubao wake haiko sawasawa, inabanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Wanafunzi wengi wanafikiri ubao umechorwa vibaya.

Kapilari ya pembeni nayo haikuwekwa kwa urembo. Zebaki ndani ya tundu jembamba inashuka chini kidogo kuliko inavyopaswa, sasa ukiwa na mbili za tundu moja zinashuka sawa na kosa linajifuta.

Faida yake ni kwamba haiulizi ni gesi gani. Nitrojeni, argoni, haidrojeni, jibu linatoka kwenye vipimo vya kioo chenyewe. Ndiyo maana miaka mingi sana vipimo vingine vyote vilikuwa vinasahihishwa kwa McLeod.

Lakini haioni mvuke. Na hapo ndipo iko shida yenu nadhani. Maji kwa joto la 25 hayakubali kukaa kama mvuke zaidi ya 24 mmHg hivi. Ukiubana mvuke mara elfu mbili, mara elfu kumi, unageuka maji, unabandika kwenye kioo, na tone lenyewe ni dogo hauwezi hata kuliona. Boyle hapo anaondoka. Basi mkiwa na 0,4 mmHg ndani, na karibu yote ni mvuke wa maji, Pirani inauona (namba yake si sahihi kabisa kwa sababu ilifundishwa nitrojeni, lakini inauona), na McLeod inauruka inakuambia hewa kavu iliyobaki tu, 0,03. Zote mbili hazidanganyi, hamjaziuliza swali moja.

Kwa hiyo avareji hapana jamani. Na swali langu: mvua imeshaanza huko Lushi? Mafuta ya pompi yana rangi gani?

---

mwana_Lushi

Mwalimu aksanti sana, hii "mnaziuliza swali tofauti" nimeisoma kwa sauti mbele ya promo. Mvua imeanza, tena inanyesha kila siku. Mafuta tumeangalia mu kale kadirisha ka pompi, imekuwa nyeupe sawa maziwa. Na tulifanya ile ya frigo_Birere: tumefunga robine, Pirani ikapanda mbio mbio, halafu ikapunguza, ikasimama. Haikuendelea.

---

frigo_Birere

Hahaa. Maji.

---

Biashara_243

Samahani, hiyo zebaki ni kilo ngapi? Na iko ya rangi gani? Kuko mutu anatafuta ile nyekundu, analipa dola nyingi sana. Mnitafute inbox.

---

mwl_Kadutu

Zebaki nyekundu hakuna, ndugu. Ni uongo ambao umezunguka Afrika nzima miaka mingi na watu wameuza hadi nyumba kwa ajili yake. Zebaki ina rangi ya fedha, hii yao pia ni ya fedha, na ni mali ya labo. Kama unatafuta ya kupeleka kwenye machimbo ya dhahabu, huku Kivu tumeshaona mikono inayotetemeka ya watu waliochoma ile kitu jikoni, tafadhali usije humu.

---

mama_labo (Lubumbashi)

Nimefika kwa kuchelewa, niko labo ya madini, tunapima shaba na kobalti kila siku, nasoma hii habari nikiwa na woga kidogo. Nyie wana wangu munainua zebaki mu chumba gani? Madirisha iko wazi?

Sikilizeni. Zebaki inatoa mvuke hata ikiwa imekaa baridi, mu joto la 20 ni karibu 0,0012 mmHg, hauonekane, haunuke, na njo hatari yake. Fungueni madirisha. Wekeni sahani kubwa ya plastiki chini ya McLeod nzima, yenye kingo za juu, ikivunjika yote ibaki mule. Mutoe pete na saa, zebaki inakula dahabu mbele ya macho yako, na usitumie viunganishi vya shaba ya njano mahali zebaki inaweza kufika, zebaki inaingia ndani yake. Ikimwagika usifagie, ufagio unaivunja inakuwa vidonge vidogo vidogo vinaingia kila ufa, na ile mashini ya kunyonya vumbi ni mbaya zaidi kabisa juu inaitawanya mu hewa. Kusanya na sirinji ao na utepe wa kunata, tia mu chupa ya plastiki yenye maji kidogo juu, funga, mpe mkubwa wa labo. Chupa ya plastiki ngumu, si ya kioo: 100 cm³ ya zebaki ni kilo 1,36, ikianguka na kioo unajua mwenyewe.

Halafu umeme. Tuko Lushi, umeme unakatika, tusidanganyane. Umeme ukikatika na pompi imefunguliwa ku chombo, vakyumu inarudisha mafuta ya pompi ndani ya chombo, munakuta tiyo yenu imejaa mafuta. Mutu mumoja abaki karibu na robine, giza ikiingia afunge ya chombo kwanza halafu aingize hewa ku pompi. Na kama wakati ule zebaki iko juu mu McLeod musiingize hewa ku chombo kwa haraka, zebaki inaruka na uzito wake wote inapiga mwisho wa kapilari, kioo kinapasuka. Teremsha zebaki kwanza, kila siku, hata kama umeme iko. Nilishaona kapilari imekatwa juu ya mutu aliyekuwa na haraka ya kwenda kushika taxi.

Ku maji: pompi yenu haina karobine kadogo ka hewa juu yake? Kwa pompi nyingi ziko nako. Ni jambo la Gaede, 1935. Pompi inapobana mvuke wa maji mpaka kuutoa inje, mvuke unageuka maji mule ndani unachanganyika na mafuta, sasa ukifungua kale karobine inaingiza hewa kidogo, mvuke unatoka pamoja na ile hewa mbele ya kugeuka maji. Badilisha mafuta kwanza, halafu uache pompi izunguke na karobine wazi na chombo kimefungwa. Namba itakuwa mbaya wakati ule, ni kawaida, usishtuke. Baadaye funga.

---

kijana_Katuba

Mama aksanti kwa shauri. Lakini minauliza: juu ya nini tusinunue kile kipimo cha ayoni tuachane na zebaki? Minasikia inaona mpaka chini kabisa.

---

mwl_Kadutu

Kwa sababu pompi yenu haifiki huko. Ile ya ayoni inaanza kazi pale Pirani inapochoka, chini ya 0,001 mmHg, na ukiiwasha juu ya hapo waya wake unaungua na pesa imekwenda. Etaji moja ya mafuta inakupa 0,01 ukiwa na bahati.

Ila kwa sababu umeiuliza, kuna habari yake inayoingia vizuri hapa. Ilitoka 1916, Oliver Buckley, Marekani. Waya wa moto unatoa elektroni, elektroni zinagonga gesi, gesi inapoteza elektroni inakuwa ayoni, unahesabu mkondo wa ayoni. Ikatumika miaka mingi, na watu wakaona kila pompi wanayotengeneza, hata iwe nzuri vipi, inakwama karibu 0,00000001 mmHg. Kila mtu anakwama pale pale! Wakaanza kusema labda ndio mwisho, pompi haziwezi zaidi. 1947 Wayne Nottingham akasema hapana, kinachokwama ni kipimo: elektroni zikigonga gridi (wavu wa waya ulio ndani ya kipimo) zinatoa eksirei dhaifu, eksirei inagonga silinda ya kukusanya ayoni, inang'oa elektroni, na ule mkondo unaonekana kama gesi ambayo haipo. 1950 Bayard na Alpert wakaitoa ile silinda wakaweka waya mwembamba sana katikati, eksirei ikakosa pa kugonga, na sindano zikashuka mara mia zaidi kwa pompi zile zile.

Kwa hiyo sindano yenu ya -0,87 haiko peke yake. Namba ikikwama, kabla ya kulaumu pompi, uliza kama chombo chenyewe kimefika sakafu yake.

---

mwana_Lushi

Bandugu, nimerudi na habari.

Tulibadilisha mafuta, ya zamani ilitoka na maji chini kabisa. Karobine kako, kalikuwa kamefungwa na rangi, tukakafungua na koleo. Tumeacha pompi inazunguka vile mama_labo alisema, harafu tukafunga, tukafungua chombo. Mu chombo tumekuta pia ile mpira ya kufunga (juenti) ilikuwa imeoshwa na maji asubuhi na mutu wa usafi, tukaipangusa na alkoli tukaikausha.

Sasa: sindano -0,87 (hahaa). McLeod 0,02. Pirani 0,05. Na tiyo imebadilika kwa macho, ile safu ya waridi imeanza kukatika vipande vipande na ule weusi karibu na katodi (ncha hasi ya umeme) umekuwa mrefu. Asistanti mwenyewe alisema hii sijaiona mu labo yetu.

Mu rapoti tumeandika safu mbili, McLeod ni "gesi isiyoganda" na Pirani ni "yote pamoja, kwa nitrojeni". Sindano tumeiweka mu maelezo tu.

Swali la mwisho basi. Juma kesho tunataka kuweka argoni mu tiyo, tuko na chupa ya wale ba kusoudia (kuchomelea vyuma), tunataka kulinganisha rangi. Tunaweza kujaza tukiangalia Pirani?

---

mama_labo

HAPANA.

Samahani kwa herufi kubwa lakini hapa watu wanaumia. Argoni inapoza waya kidogo kuliko nitrojeni, kwa hiyo Pirani inaona argoni kidogo kuliko yenye iko. Kwa presha ya chini si mbaya sana, unazidisha na 1,7 hivi. Lakini ukipanda juu inaharibika kabisa: mu zile zenye kusoma mpaka presha ya hewa, vitabu vya viwanda vinaonya kwamba argoni ya 760 mmHg kamili inaonekana 24 tu ku kioo. Yaani uko unaangalia 24, unasema bado tuko chini, unafungua chupa tena, na kumbe tiyo ya kioo imeshapita hewa ya inje na inataka kupasuka mbele ya sura yako. Na chupa ya kusoudia iko na presha ya kuua.

Hapa njo ile sindano yenu mnayoicheka inapata kazi. Yenyewe haijali ni gesi gani, inajua tofauti ya ndani na inje. Wakati wa kujaza muangalie yenyewe. Ikikaribia 0 mumefika hewa ya inje, mufunge. Na muweke regileta ku chupa, na valvu ya kupumua ku chombo yenye kufunguka yenyewe presha ikizidi.

---

frigo_Birere

Mama amemaliza. Tena wekeni miwani.

---

mwl_Kadutu

Ongezeni na hii. Argoni haigandi kwenye kapilari, inafuata Boyle bila matata, kwa hiyo kwa argoni kavu McLeod inasema kweli tupu. Kabla ya TP ya rangi, toeni hewa yote, ingizeni argoni kidogo sana, ngojeni itulie, someni McLeod na Pirani pamoja, andikeni. Ongezeni kidogo tena, someni zote mbili. Endeleeni hivyo kuanzia 0,02 mpaka mahali McLeod yenu inaishia, iangalieni kwenye ubao, nyingi zinaishia mmHg chache. Chorani kwenye karatasi, Pirani chini, McLeod pembeni. Huo mchoro ubandikeni ukutani karibu na pompi, na tarehe na jina la gesi, maana mwaka kesho promo nyingine itakuja na kasanduku kale kale na haitajua.

Na Pirani ikizeeka waya wake unashika uchafu wa mafuta, mchoro unahama. Mkiona hauingiani tena, rudieni.

---

mwana_Lushi

Imeingia mwalimu. Mutu wa stoki sasa njo ameomba tumuoneshe namna ya kuinua zebaki.

---

mama_labo

Mumuoneshe kwanza kuiteremsha.